Vali Ndogo Kuliko Bomba: Ukadiriaji wa Vali za Kudhibiti Vimiminika

Vali ya kudhibiti ni tundu linalobadilika ukubwa. Shina likipanda, plagi huachana na kiti chake na kimiminika hupita kwa wingi. Likishuka, njia hubana. Kazi yake haifanani na ya geti valvu, ambayo ama iko wazi ama imefungwa. Vali ya kudhibiti hushinda imefunguka nusunusu, ikila presha ya ziada iliyotiwa kwenye mfumo na pampu au na mwinuko wa ardhi. Kukadiria ukubwa wake ni kutafuta tundu hilo liwe pana kiasi gani ili mtiririko unaotakiwa upite kwa presha iliyopo. Kipenyo cha bomba hakimo katika swali hilo. Hata hivyo, kwenye maghala ya vifaa na ofisi za ununuzi jambo la kwanza kuulizwa huwa ni "bomba inchi ngapi?", na vali ya inchi hizo hizo ndiyo inayoagizwa. Ndiyo maana vali iliyozidi ukubwa ni kosa la kila siku katika fani hii, na vali iliyopungua ni kosa la nadra.

Msingi wa hesabu ni wa karne ya 17, pale Mwitaliano Evangelista Torricelli alipoonyesha kwamba kasi ya maji yanayochupa kutoka kwenye tundu la chombo hufuata kipeuo cha pili cha kina cha maji yaliyo juu ya tundu. Vali hutii kanuni hiyo: anayetaka mtiririko mara mbili kupitia tundu lile lile atalipa presha mara nne. Kilichokosekana ni namba moja ya kueleza upana wa tundu bila kujali umbo la ndani la vali. Mwaka 1944 kampuni ya Masoneilan ya Marekani ilileta kipimo cha Cv, yaani galoni za Kimarekani za maji zinazopita kwa dakika moja wakati tofauti ya presha kati ya mdomo wa kuingilia na wa kutokea ni psi 1. Ndugu yake wa vipimo vya mita ni Kv: mita za ujazo kwa saa, kwa tofauti ya bar 1. Kv hupatikana kwa kuzidisha Cv kwa 0.865. Katalogi za Ulaya na za Marekani hukutana kwenye meza moja Dar es Salaam na Mombasa, na mtu akisoma Cv akidhani ni Kv, hesabu yake imeshapotoka kwa karibu asilimia 15 kabla hajaanza.

Kwa kimiminika chepesi, kanuni ni Q = Kv × √(Δp ÷ G). Q ni mtiririko katika mita za ujazo kwa saa, Δp ni presha inayopotea ndani ya vali katika bar, na G ni densiti ya kimiminika ikilinganishwa na ya maji. Dizeli yenye G ya 0.84 hupita kwa ujazo wa karibu asilimia 9 zaidi ya maji, kwa tundu lile lile na presha ile ile. Hesabu hii mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Ugumu uko kwenye Δp, kwa sababu haiandikwi popote. Lazima itafutwe ndani ya mfumo mzima, kuanzia kwenye pampu hadi mwisho wa bomba.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha namna inavyotafutwa. Pampu inapandisha maji kwenye tangi lililo mlimani, mita 30 juu yake, kwa bomba la milimita 200 lenye urefu wa kilomita 2. Mtiririko wa kawaida ni mita za ujazo 120 kwa saa, wa juu ni 135, na usiku, matumizi yakipungua, hushuka hadi 40. Kunyanyua maji mita 30 hugharimu karibu bar 3, na gharama hiyo ni ile ile maji yawe mengi au machache. Msuguano bombani ni bar 1 kwa mtiririko wa kawaida. Huo hupanda kwa mraba wa mtiririko: kwa 135 hufika bar 1.27, kwa 40 hubaki bar 0.11. Pampu nayo huenda kinyume, kwani ikibanwa presha yake hupanda. Tuseme mchoro wake unaonyesha bar 6.18 kwa mtiririko wa 40, bar 5.2 kwa 120, na bar 4.91 kwa 135. Kinachosalia baada ya kutoa mwinuko na msuguano ndicho chakula cha vali: bar 3.07 usiku, bar 1.2 kwa kawaida, bar 0.64 kwa mtiririko wa juu.

Ukigawa, Kv inayohitajika ni takriban 23 usiku, 110 kwa kawaida na 169 kwa mtiririko wa juu. Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote. Mtiririko umetofautiana mara tatu na ushei, lakini tundu limelazimika kutofautiana zaidi ya mara saba, kwa sababu presha inayoiangukia vali hupungua pale pale mtiririko unapotakiwa kuongezeka. Anayefanya hesabu moja tu, ya mtiririko wa kawaida, haoni kitu hiki. Hesabu tatu ndizo zinazotakiwa: ya chini, ya kawaida na ya juu, kila moja na Δp yake.

Katika katalogi nyingi vali ya globu ya milimita 125 ina Kv ya karibu 250 ikiwa wazi kabisa. Kama ni ya tabia ya asilimia sawa, ambayo kila hatua ya shina huzidisha mtiririko kwa uwiano ule ule, mtiririko wa usiku utaikuta imefunguka asilimia 39, wa kawaida asilimia 79, na wa juu asilimia 90. Mazoea ya wahandisi ni kutaka mtiririko wa kawaida uangukie kati ya asilimia 60 na 80, wa juu usipite 90, na wa chini usishuke sana chini ya 20. Vali hii inafaa, na ni ndogo kuliko bomba lake kwa hatua mbili za vipimo vya kawaida. Kwa kuwa ya 125 haipatikani kirahisi madukani, njia ya pili ni vali ya 150 iliyofungwa plagi na kiti cha ukubwa wa chini. Njia hiyo ina faida yake: mahitaji yakikua, kinachobadilishwa ni vifaa vya ndani peke yake.

Sasa aje mnunuzi aliyeuliza inchi tu. Atanunua vali ya kipepeo ya milimita 200, maana ni ya bei nafuu na inaingia bila redyusa, yaani kipande cha kupunguza kipenyo cha bomba. Ikiwa wazi kabisa, Kv yake inaweza kuwa 1,500 na zaidi. Mtiririko wa kawaida utahitaji asilimia 7 tu ya uwezo huo, na wa usiku asilimia 1.5, ambapo sahani imeachana na mpira wake kwa upana wa ukucha. Kila vali ina kiasi fulani cha kunata: kidhibiti, kifaa kinachoiamuru vali, huongeza amri kidogo kidogo, shina halisogei, kisha huchupa ghafla kupita pale lilipotakiwa. Vali ikiwa katikati ya safari yake, mchupo huo hubadilisha mtiririko kidogo. Ikiwa imefunguka upenyo, mchupo ule ule huongeza mtiririko kwa nusu nzima. Kidhibiti hurudisha, vali huchupa upande wa pili, na mchezo huendelea usiku kucha. Opereta anayeona mstari wa mtiririko ukipanda na kushuka kama meno ya msumeno hulaumu kidhibiti. Akikiweka kwa mkono, mstari hunyooka, naye huamini kwamba amethibitisha shutuma yake. Mpira na kingo za sahani, zinazopitiwa na mkondo mwembamba wenye kasi, huchimbika wakati huo wote.

Uchaguzi wa tabia ya vali unahusiana na hayo. Vali ya mstari mnyoofu, ambayo nusu ya safari hutoa nusu ya tundu, hufaa pale presha juu yake inapokaa karibu ile ile daima. Inapopungua sana mtiririko ukiongezeka, kama katika mfano huu, asilimia sawa ndiyo inayofidia. Kipimo chake ni mamlaka ya vali: presha inayoila ikiwa na mtiririko wa juu, ikigawanywa kwa ile inayoila inapokaribia kufunga. Katika mfano, pampu iliyofungiwa hutoa bar 6.3, hivyo vali inapofunga hubeba bar 3.3, na mamlaka yake ni 0.64 kwa 3.3, yaani karibu 0.2. Ni ndogo. Wabunifu wengi hupenda 0.3 hadi 0.5, lakini kwenye bomba refu mamlaka kubwa ina bei yake. Bar 1.2 inayopotea kwenye vali kwa mtiririko wa mita za ujazo 120 ni kilowati 4 zinazogeuka joto na kelele. Ukiingiza upungufu wa pampu na mota, umeme unaolipiwa hupita kilowati 6. Ndiyo maana mifumo mingi mipya hubadilisha kasi ya mota badala ya kubana maji. Pampu inayohudumia njia kadhaa zenye mahitaji tofauti haiwezi kufanya hivyo kwa kila njia, na hapo vali hubaki.

Chanzo kingine cha vali kubwa mno ni tahadhari iliyolimbikizwa. Mbunifu wa mtambo huongeza asilimia 10 kwenye mtiririko, mwenye pampu huongeza 10 nyingine, na mwagizaji wa vali, ambaye hakuambiwa kuhusu hizo mbili, huongeza 25. Zikizidishwa pamoja ni zaidi ya asilimia 50, bila hata mmoja wao kuhisi amezidisha. Tahadhari iwekwe mara moja, na ijulikane imewekwa wapi.

Redyusa zinazounganisha vali ndogo na bomba kubwa hula sehemu ya uwezo. Kwa vali ya 125 kwenye bomba la 200, hasara ni karibu asilimia 4 vali ikiwa wazi kabisa, jambo dogo. Kwa vali za kipepeo na za tufe, zile mafundi wanazoziita bolu valvu, hasara huwa kubwa zaidi na lazima ihesabiwe, kwa kuwa njia yao ya ndani ni wazi kiasi kwamba redyusa yenyewe ndiyo inayobana.

Kanuni ya kipeuo cha pili ina mpaka, na mpaka huo umeharibu vali nyingi. Kimiminika kinapopita tunduni huenda kasi, na penye kasi presha hushuka. Mkondo huendelea kujibana hata baada ya kutoka tunduni, ukafanya kiuno. Hapo ndipo presha ilipo chini kuliko mahali pengine popote. Baada ya kiuno mkondo hupanuka na sehemu ya presha hurudi. Geji zilizofungwa kabla na baada ya vali hazioni kiuno hicho. Presha ya kiunoni ikishuka chini ya presha ya mvuke wa kimiminika, mapovu ya mvuke huzaliwa. Yakiwa mengi, hujaza njia na mtiririko hukabwa: hata ukipunguza presha ya upande wa kutokea, hakiongezeki kitu. Tofauti ya presha inayofaa kuingizwa kwenye hesabu haizidi FL² × (P1 − FF × Pv). P1 ni presha kamili ya kuingilia na Pv ni presha ya mvuke. FF ni kipunguzio kinachokaribia 0.96 kwa maji baridi. FL ni kigezo cha vali yenyewe, karibu 0.9 kwa globu na karibu 0.6 kwa vali ya tufe iliyo wazi. FL ndogo maana yake presha hurudi kwa wingi, ambayo nayo maana yake ilishuka mno kiunoni.

Kwa maji ya nyuzi 90, presha ya mvuke ni bar 0.70 na FF ni 0.94. Yakiingia kwa presha kamili ya bar 3, globu inaweza kutumia hadi bar 1.9 kabla ya kukabwa. Vali ya tufe hukabwa kwenye bar 0.84. Kama kazi inataka kupoteza bar 1.5, globu inaimudu. Vali ya tufe iliyochaguliwa kwa kuingiza 1.5 kwenye kanuni itapitisha robo pungufu ya kilichoahidiwa, na itapiga kelele.

Neno "presha kamili" lisipitwe haraka. Geji husoma kutoka kwenye presha ya hewa iliyopo, na hewa ya Mombasa ni bar 1.01 wakati ya Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, ni takriban 0.83. Geji inayosoma bar 2 pwani ina maana ya bar 3.01, Nairobi ni 2.83. Presha ya mvuke ya maji ya nyuzi 90 haijali iko wapi, hivyo nafasi iliyopo kabla ya mapovu kuzaliwa ni finyu zaidi barani kuliko pwani. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Vali ya maji ya kulisha boila iliyofanya kazi vizuri kwenye kiwanda cha pwani inaweza kuanza kunguruma ikihamishiwa kwenye kiwanda kama hicho huko juu, na hakuna aliyebadilisha kitu ila mwinuko.

Kinachofuata baada ya mapovu kuzaliwa kinategemea presha ya upande wa kutokea. Ikirudi juu ya presha ya mvuke, mapovu huporomoka yenyewe kwa yenyewe, na kila moja linaloporomoka karibu na chuma hulipiga kwa kijito kidogo chenye nguvu. Hiyo ndiyo kavitesheni. Husikika kama kokoto zinapita bombani, na plagi ikitolewa hukutwa ina vishimo vikavu vilivyokwaruza, mfano wa jiwe la tumbawe. Ikiwa presha ya kutokea imebaki chini ya presha ya mvuke, mapovu hayaporomoki. Kimiminika hutoka kikiwa mchanganyiko wa maji na mvuke unaokwenda kasi sana, na chuma humomonyoka kwa ulaini, kama kipande cha sabuni kilichotumika. Fundi anayejua kutofautisha majeraha haya mawili anaweza kueleza historia ya vali bila kuona karatasi moja. Tiba nazo hutofautiana. Kavitesheni huzuiwa kwa kugawa upotevu wa presha katika hatua kadhaa ndani ya vali, kwa kuihamishia vali chini zaidi, au kwa kuifunga upande wa baridi wa mtambo. Mvuke usiorudi kuwa maji hauzuiliki kwa muundo wa vali. Hustahimiliwa kwa chuma kigumu na kwa kuipanua njia ya kutokea.

Mahali ambapo jambo hili haliepukiki ni kwenye vituo vya jotoardhi kama Olkaria, karibu na Naivasha, palipoanza kuzalisha umeme mwaka 1981. Maji yaliyotenganishwa na mvuke wa kisima yako kwenye joto lake la kuchemka. Kitenganishi kikiwa na presha kamili ya bar 6, maji yana nyuzi 159, na presha ya kuingilia ni sawa na presha ya mvuke. Ukiifunga vali ya globu usawa wa kitenganishi, tofauti ya presha inayohesabika ni bar 0.4 tu, hata kama upande wa pili ni bomba lililo wazi kwa hewa. Ukiishusha vali mita 10 chini, uzito wa maji yaliyo juu yake huongeza karibu bar 0.9, na kinachohesabika hufika bar 1.1. Mita hizo za bomba hugharimu kidogo kuliko vali kubwa zaidi.

Vimiminika vizito huvunja kanuni kwa njia nyingine. Molasi ya kiwanda cha sukari, au mafuta ghafi ya Hoima ambayo yana nta kiasi kwamba bomba lake la kilomita 1,443 hadi Tanga limebuniwa kupashwa joto, hayapiti tunduni kwa msukosuko kama maji. Namba ya Reynolds, inayolinganisha nguvu ya mwendo wa kimiminika na mnato wake, ikishuka ndani ya vali chini ya 10,000, mtiririko huanza kufuata presha yenyewe badala ya kipeuo chake, na Kv ya katalogi lazima ipunguzwe kwa kigezo cha mnato. Mnato wenyewe hubadilika na joto, hivyo hesabu ifanywe kwa joto la kuanzisha mtambo asubuhi, mabomba yakiwa yamepoa.

Kasi ya kimiminika kwenye mdomo wa vali hukaguliwa mwisho. Kwenye mfano wa tangi ni mita 2.7 kwa sekunde kwa mtiririko wa kawaida, na wengi huanza kuwa na wasiwasi inapopita 5. Nguvu ya kifaa kinachosukuma shina huhesabiwa kwa presha ya kufunga, bar 3.3, wala si kwa bar 1.2 ya kawaida. Kufunga nako kuna mwendo wake. Kwenye kilomita 2 za bomba la chuma, kusimamisha ghafla maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde huleta pigo la bar 10 au zaidi, na "ghafla" hapo ni kufunga ndani ya muda usiofika sekunde 4.

Vali iliyokwisha kufungwa hukaguliwa kwa geji mbili na kipimo cha mtiririko. Δp husomwa, Kv hupigwa kwa kanuni ile ile ikigeuzwa, na jibu hulinganishwa na mkato wa kishale kwenye bamba la shina. Kwenye mfano, geji zikionyesha tofauti ya bar 1.2 na mtiririko wa 120, kishale kikiwa kwenye asilimia 79, vali ni ile iliyokadiriwa. Kikiwa kwenye 95 kwa namba hizo hizo, kuna kitu kimekwama kitini au plagi iliyomo si ile iliyoagizwa. Kikiwa kwenye 60, plagi imelika, au aliyetoa vali ghalani aliangalia inchi.